Mama Plasta na Matao ya Koo

Wapo watu wenye moyo wa kusamehe, na Mungu awazidishie. Mama Plasta hakuwa mmoja wao, wala hakujisingizia. Ukimkanyaga leo, hakujibu leo. Atakuangalia tu, atapangusa mikono kwenye aproni, ataendelea na kazi yake. Wewe utadhani yamekwisha, kumbe mwenzio ndiyo kwanza anaanza.

Jina hilo alipewa kwa sababu ya kazi. Alikuwa akitengeneza vielelezo vya kufundishia shuleni: moyo wa binadamu unaofunguka katikati, jicho kubwa kama tikiti, figo, taya, mifupa ya mkono. Karakana ilikuwa chumba kirefu nyuma ya chuo cha ualimu, chenye paa la bati, meza za mbao zilizojaa matone meupe yaliyoganda, na sinki lililoziba tangu enzi na enzi kwa sababu kila mgeni wa kazi alimwaga humo plasta iliyobaki. Plasta haitaki mzaha. Ukiimimina mapema inatoka na mapovu, na moyo wa binadamu unakuwa na vishimo uso mzima. Ukichelewa inakugandia kwenye beseni. Mama Plasta aliijua kwa kuitia kidole tu. Nywele zake zilikuwa na vumbi jeupe muda wote, hata watani wake wakasema mvi zake hazitajulikana zilianza lini.

Kinyongo chake kilikuwa kwa mtu mmoja tu, naye ni mama wa aliyekuwa mume wake. Mjini walimwita Mama Nasaba. Alikuwa na duka kubwa la vitambaa na mwendo wa mtu aliyefagiliwa njia, na ukimpa shikamoo, kabla hajamaliza marahaba keshakutajia baba yake, babu yake, na babu wa babu yake, na namna wote walivyokuwa watu safi. Yeye na ukoo wake, kana kwamba sisi wengine tuliokotwa jalalani.

Sasa sikiliza alichofanya. Mama Plasta alipojifungua, enzi hizo bado hajawa Mama Plasta, ni mke wa watu tu mwenye haya zake, alizaa mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Ila shingoni, upande wa chini ya taya, mtoto alikuwa na tundu dogo kama la sindano. Ukilibonyeza linatoa tone la maji. Wanawake walikuwa wamejaa chumbani kumwona mzazi. Mama Nasaba akamchukua mtoto, akamgeuzia kwenye mwanga wa dirisha.

"Hiki nini hiki?"

"Ni tundu tu, mama," muuguzi akasema. "Wengine huzaliwa nalo. Akikua, likimsumbua, atashonwa."

"Tundu? Hili ni shavu la samaki hili. Kwetu hatuzai samaki. Hata siku moja." Akamrudisha mtoto kitandani kama mtu anayerudisha kitambaa chenye doa, akamwangalia mkwewe usoni. "Huko ulikokwenda kulichukua, kalirudishe."

Mumewe alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai. Aliangalia viatu vyake. Mwanamume mzima, na ndevu zake, aliangalia viatu vyake mpaka wageni wakatoka. Haikupita muda, nguo za mzazi zikafika kwa dada yake zimefungwa kwenye shuka, na habari ikazagaa mjini kwamba yule mtoto si damu ya ukoo ule. Kuanzia hapo mtoto hakuwa na jina la baba wala la babu. Alikuwa na jina la mama yake tu, na lile ambalo watoto wenzake walimpa walipoona shingo yake.

"Samaki! We Samaki! Mbona hujarudi majini?"

Binti akajifunza kuvaa kola ndefu hadi kidevuni, jua liwe la kupasua mawe. Na kila mama yake alipomfungia kifungo cha juu asubuhi, alisema moyoni: nitamwonyesha yule mama kilichomtoa kanga manyoya. Alisema hivyo kama wengine wanavyosali.

Kazi ya plasta aliipata kwa mkono wa dada yake, aliyekuwa akisafisha pale chuoni. Mkuu wa karakana, Fundi Mkuu, alikuwa mzee mcheshi aliyependa njia za mkato kuliko chai. Siku moja likaja agizo la viinitete, yaani viumbe wanavyokuwa mwanzo kabisa, kabla hawajazaliwa wala kuanguliwa. Walitakiwa watano wapangwe safu moja: samaki, kobe, kuku, sungura na binadamu.

"Hawa wanafanana wote," Fundi Mkuu akamwambia. "Chonga mmoja, tengeneza kalibu moja, mimina mara tano, kisha badilisha vibandiko. Nani atajua?"

Akafanya hivyo. Ilikuwa kazi ya kupendeza macho, na ilikuwa ovyo. Mwalimu wa Baiolojia alipokuja kuichukua, mtu mfupi mwenye chaki hadi nyusi, alivipanga vile vitano mezani, akainama, akainuka amenuna.

"Nani kafanya hivi? Hiki ni kitu kimoja mara tano!"

"Si wanafanana, Mwalimu?" Fundi Mkuu akasema.

"Wanafanana, sikatai. Lakini kufanana si kuwa kitu kimoja. Mapacha wenyewe mama yao huwajua. Ukimpa mwanafunzi kitu kimoja ukakibandika majina matano, halafu ukamwambia tazama wanavyofanana, umemdanganya. Na wako wachoraji wa zamani waliofanya huohuo ujanja, wakatuletea ubishi mpaka leo. Ukweli wenyewe unatosha, jamani. Hauhitaji kusaidiwa na uongo."

Fundi Mkuu akacheka kicheko cha aliyekamatwa, akatoka kwenda kutafuta sigara. Mwalimu akarudi na chupa za maabara na rundo la picha, akamkalisha Mama Plasta chini amwonyeshe. Ndipo akaviona. Huyu ana jicho kubwa, yule mkia mrefu, huyu ameanza kuvimba mgongo, ndiye kobe. Tofauti zilikuwapo. Lakini wote, huyu na yule, walikuwa wameinamisha kichwa, wote na mkia, na chini ya kichwa, pale shingo itakapokuwa, wote walikuwa na mikunjo iliyopangana.

"Na haya makunyanzi, Mwalimu?"

"Matao ya koo. Kwa samaki yanakuwa mashavu ya kupumulia. Kwetu hayawi mashavu, usije ukasema mtoto tumboni anakuwa samaki kwanza, huo nao ni uongo. Kwetu yanajenga taya, vifupa vya ndani ya sikio, na sehemu za koo. Mwanzo uleule, kazi nyingine."

"Kwa nini sasa? Si angeumbwa na taya moja kwa moja?"

Mwalimu akafurahi, maana maswali ya hivyo hakuyapata darasani. "Umeshaona mtu aliyerithi nyumba ya babu yake? Habomoi yote. Zizi analigeuza jiko, dirisha analiziba linakuwa kabati. Lakini ukikwangua chokaa, unaona dirisha lilikuwa wapi. Viumbe wenye uti wa mgongo wamerithi nyumba moja kutoka kwa mababu wa zamani mno, kila mmoja akaigeuza kivyake. Ndiyo maana mwanzoni wanafanana namna hii. Ni undugu huu. Hata wewe ulikuwa na mkia tumboni. Uliobaki ni kifandugu, ndicho unachokikalia hapo."

Mama Plasta hakucheka. "Na hilo dirisha," akasema polepole, "lisipozibwa vizuri?"

"Mtoto anazaliwa na tundu. Mara nyingi hapa." Mwalimu akagusa shingo yake upande, chini ya taya, na kidole cha chaki kikaacha alama palepale alipokuwa nalo binti. "Wengine linatokea mbele ya sikio, maana sikio nalo linajengwa na matao hayohayo. Na hurithiwa sana. Unaweza kukuta mtoto analo la shingoni, bibi yake analo la sikioni."

Mama Plasta aliketi juu ya mfuko wa plasta. Kwanza alilia, akiwaza mtoto wake na zile kola. Kisha akacheka. Mtu mwingine angetua mzigo hapohapo, akamshukuru Mungu, akalala. Yeye alikumbuka jambo, na hasira yake iliyokuwa na kucha tu ikaota na meno.

Alikumbuka alivyokuwa akimsuka mama mkwe wake, akiwa bado mke mpya. Alipofika upande wa kushoto, mbele ya sikio, kidole chake kiligusa kitundu kidogo. Akapigwa kofi mkononi. "Hapo usishike! Palitobolewa vibaya nikiwa mdogo." Mama Nasaba hakuwahi kusukwa naye tena, na kitambaa chake cha kichwani siku zote kilishuka mpaka shavuni. Nyani haoni kundule, lakini huyu nyani alikuwa analiona na kulifunika, halafu anamcheka mwenziwe.

Kwa hiyo alijua. Mtoto alikuwa wa ukoo ule, damu na tundu. Mtu mwenye haraka angekimbia palepale hadi dukani kulimwaga neno hilo. Lakini Mama Plasta aliona kisasi cha watu wawili peke yao, dukani, katikati ya majora ya vitambaa, ni sawa na kula pilau gizani. Yeye alivuliwa nguo mbele ya watu, na mwenzake atavuliwa mbele ya watu. Akalifungia neno lile moyoni, akalinyamazia. Alimweleza binti yake habari za matao ili asijione mkosi, lakini habari za sikio la bibi hakumwambia. Silaha huitoi alani ukiwa nyumbani.

Miaka ikaenda. Binti akakua, akaingia karakana ile ile, akawa fundi rangi wa kutisha: mishipa ya damu aliyoipaka ungetaka kuishika uone kama inapiga. Kola zake hakuziacha. Mume yule wa viatu alioa tena, akahamia mbali, na ndoa haikuleta mtoto. Mama Nasaba akawa mwenyekiti wa bodi ya shule ya wasichana, bado anahesabu mababu, ila sauti ilikuwa inapungua kila alipofika upande wa wajukuu.

Kisha shule hiyo ikajenga maabara, na agizo la viinitete vitano likaletwa karakana. Mgeni rasmi wa ufunguzi, mwenyekiti wa bodi. Mama Plasta aliposikia alitabasamu hadi Fundi Mkuu akamuuliza kama ana homa.

Hakuna kazi aliyowahi kuifanya kama ile. Kila kiumbe kalibu yake, kila mkunjo ulipimwa kwa picha, akapiga msasa mpaka plasta ikawa laini kama sabuni. Alitaka pasiwe na mahali pa kumshika uongo.

"Matao yote yapake manjano," akamwagiza binti. "Kwa wote watano. Na vibandiko usiweke bado."

"Mama, mbona hii kazi unaihangaikia kama posa?"

"Ni zaidi ya posa."

Siku ilipofika, maabara ilikuwa inanuka rangi mpya. Wazazi walijaa mpaka madirishani, walimu mbele, wasichana wamebanana nyuma. Mama Nasaba alikata utepe, akaketi kiti cha mbele, kitambaa kichwani kimeshuka hadi shavuni. Alimwona Mama Plasta, akampitisha macho kama anavyopitisha jora lisilouzika. Mkuu wa shule akasema, basi aliyetengeneza atueleze. Binti alikuwa amesimama kando ya meza na kikopo chake cha brashi.

"Kabla sijasema," Mama Plasta akaanza, sauti tamu kama asali yenye mwiba, "ningemwomba mgeni rasmi atuchagulie binadamu ni yupi."

Mama Nasaba akasimama. Hakuwa mtu wa kushindwa mbele ya watu. Akawatazama wote, akanyoosha kidole kwa uhakika.

"Huyu."

"Huyo ni sungura, mama."

Chumba kizima kikacheka. Mama Nasaba naye akacheka kidogo, kicheko cha mdomo tu.

"Si kosa lako," Mama Plasta akaendelea. "Mwanzoni tunakaribiana mno. Tazameni haya ya manjano, wote wanayo. Samaki anayageuza mashavu, sisi tunayageuza taya na sikio. Yako kwa wote kwa sababu huko nyuma, mbali kuliko babu wa babu wa mtu yeyote hapa, tulikuwa na mababu wamoja. Hii ndiyo nasaba yenyewe, na wewe mama ndiye bingwa wa nasaba hapa mjini."

Kicheko kilikuwa kinapungua. Waliokuwa wanaijua habari ya zamani walianza kugusana viwiko.

"Mara nyingine tao halifungi vizuri. Mtoto anazaliwa na tundu shingoni. Basi kuna watu waliliona tundu hilo, wakasema ni shavu la samaki, wakamfukuza mama na kichanga chake. Wakasema si damu yetu." Akapumua. Alikuwa ameyasubiri maneno haya kwa muda mrefu mpaka yalikuwa yamelainika kama kazi yake. "Lakini tundu hili hurithiwa. Mjukuu akiwa nalo shingoni, bibi anaweza kuwa nalo mbele ya sikio. La kushoto, kwa mfano. Vua kitambaa, mama. Watu wamekuja kujifunza."

Mkono wa Mama Nasaba ulipanda wenyewe, ukafunika sikio la kushoto, na hilo tu lilitosha; mji mzima ulikuwa umeshaona. Mama Plasta alisikia raha ikimpanda tangu miguuni. Aliingoja sasa ile sehemu aliyoiota zaidi: yule mama akimbie, ajikwae mlangoni, aburute aibu njia nzima hadi dukani.

Mama Nasaba hakukimbia. Alisimama mkono sikioni, anamwangalia binti mwenye brashi. Akamwangalia uso, akamwangalia ile kola.

"Ndiye huyu?" akauliza.

Binti aliweka kikopo chini, akafungua kifungo cha juu, kisha cha pili.

Mama Nasaba akavuta kitambaa, kikaanguka sakafuni. Mbele ya sikio palikuwa na kitundu kilekile, kimezungukwa na mvi. "Basi ni wangu," akasema. "Ni mjukuu wangu. Jamani, nina mjukuu!" Na akaanza kulia mbele ya bodi nzima, bila kufunika uso.

"Husikii?" Mama Plasta akapiga kelele. "Nimekuumbua! Nimekuja kukuvua nguo, sikuja kukupa mtoto!"

Lakini binti alikuwa ameshasogea. Alimwinamia yule mzee, akalitazama lile tundu kwa karibu, kama anavyotazama kazi kabla ya kuipaka rangi.

"Linatoa maji?" akauliza.

"Siku za baridi. Usiwe unalibonyeza, mwanangu, litavimba."

"Najua. Linavimba."

Wakaangaliana. Kisha binti akageuka kwa mama yake, na uso wake haukuwa wa mtu aliyelipiziwa kisasi.

"Mama, ulijua tangu lini?"

"Nilijua nini?"

"Kwamba analo."

Mama Plasta angeweza kusema uongo, lakini siku hiyo alikuwa amejiandaa kwa ukweli mtupu. "Tangu unaanza shule."

"Tangu naanza shule." Binti alilirudia polepole. "Unajua mimi nikiwa kwenye foleni huwa naangalia shingo za watu? Hospitalini, sokoni, popote. Nawaangalia mpaka wananitukana. Natafuta mwenzangu mmoja tu, Mama. Mpaka jana nilikuwa natafuta. Na wewe ulijua yuko mtaa wa pili, anauza vitambaa."

"Alikutukana! Alikuita samaki, alitufukuza..."

"Alinitukana. Sijasema hakunitukana, na yangu kwake nitamwambia. Wewe mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja siku watu wawe wengi."

Maneno yalishamtoka, na hayakurudishika. Binti akaokota kitambaa sakafuni, akakikung'uta, akampa yule mzee mkononi.

"Haya," akasema. "Watu ndio hawa, wamejaa. Umefurahi?"

Mama Plasta akageuka awatazame. Wazazi, walimu, wasichana waliobanana nyuma, wote walikuwa wamemkodolea macho yeye, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akimwangalia Mama Nasaba.